Gari Lililojua Kunyamaza

Vijana wa ofisi ya masoko waliponiaga walinipa saa ya ukutani, zawadi iliyonichekesha, maana aliyestaafu ndiye mtu wa mwisho kuhitaji kujua ni saa ngapi. Kisha wakaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Nadhani walitaka maarifa: mteja wa Mbita anavutwaje, wa Migori anarudishwaje, ujumbe gani utumwe asubuhi na upi jioni. Hayo nitayaandika, ila sitayapanga kwa nukta nukta kama mnavyopenda. Vyeo sitavitaja, na mshahara ndio kabisa. Nitaandika juu ya duka, pikapu moja nyeupe, na mtu aliyeitwa Okelo. Wengi wenu mlimsikia kila wiki, na hamkuwahi kumwona uso.

Niliajiriwa duka likiwa bado moja tu, pale Homa Bay, karibu na steji ya matatu. Mwenyewe alikuwa Bwana Hafidh, mtu wa Malindi aliyekuja huku ujanani kuuza nguo akaishia kwenye unga na sabuni. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya biashara, nimevaa sketi iliyopigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe, nikitarajia kuonyeshwa meza. Nilionyeshwa mlango. Bwana Hafidh aliniambia, "Simama hapa, mwanangu, uangalie mikono." Nilimuuliza mikono ya nani. Akasema ya kila anayeingia.

Nilisimama mpaka visigino vikalia. Jioni aliniuliza nimeona nini, nikamjibu nimeona watu wengi. Akatikisa kichwa, na kesho yake nikarudi mlangoni. Siku zilipita kabla sijaanza kuona. Mwenye mkono mtupu amekuja kutazama bei, atarudi akishaulizia kwa wengine. Mwenye beseni lenye magamba ametoka kuuza samaki sasa hivi, ana haraka, na atanunua kidogo kidogo cha kutosha leo. Mwenye gunia lililokunjwa kwapani ametumwa na nyumba nzima. Wameshakubaliana huko nyumbani, na huwezi kumuuzia hata kiberiti ambacho hakikuwa kwenye mazungumzo yao.

Nilipomweleza hayo, Bwana Hafidh aliniagizia chai ya tangawizi na kuniambia nimeanza kazi leo. Alisema watu hawaji dukani vile tunavyotaka sisi. Wanakuja vile maisha yao yanavyowaruhusu, na maneno yetu lazima yawakute kwenye njia hiyo hiyo, si kwenye njia nyingine tuliyowachorea. Semina zote mnazopelekwa Kisumu zinafundisha jambo hilo hilo, tofauti ni kwamba huko limevaa suti na kuna chakula cha mchana.

Baadaye tulifungua Mbita, kisha Migori, na pikapu ikanunuliwa kwa ajili ya matangazo. Pamoja nayo akaja Okelo. Alikuwa mwalimu wa kwaya upande wa Asumbi, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, sauti ya pili ilikuwa na kichwa kigumu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ambayo mkewe alimkatalia kuvaa ndani ya nyumba. Nilipangiwa kusafiri naye ili nijifunze. Miaka mingi baadaye nilikuwa mkubwa wake kikazi, lakini hilo halikubadilisha nani alikuwa mwalimu.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Spika mbili za pembe zilifungwa kwa kamba za mpira juu ya kichwa cha gari. Amplifaya ilikaa chini ya kiti na kunywa betri ya gari hata baadhi ya asubuhi tukaomba kusukumwa. Maiki ilivikwa leso ili herufi zisipasuke masikioni mwa watu. Kulikuwa na chupa ya maji vuguvugu yenye tangawizi, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Aliendesha kwa mkono mmoja na kutangaza kwa mwingine, na askari wa barabarani walimsamehe kwa kuwa aliwasalimu wote kwa spika.

Nilidhani tuna tangazo moja la kusoma kila mahali. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, zuri, lina vina. Okelo alilisoma, akanisifu sana, akalikunja na kufutia kioo. Kule Mbita alisimamisha gari mbali kidogo na ufuo, wanawake wakiwa wameinamia omena, dagaa wa ziwani, waliyoianika. Alisema jambo moja tu: kuna sabuni inayotoa shombo, imekuja kwa vipande vidogo. Akazima. Nilimuuliza mbona hakutaja mchele, na mafuta, na ile ofa yangu. Akaniambia watu wale mikono yao imejaa, jua linawachoma, na atakayewasemesha zaidi ya sentensi mbili ni jirani mbaya.

Kwa watu wa visiwani hakutangaza kabisa. Wale hawakuja dukani, walimtuma nahodha wa boti na kumwamini achague. Kwa hiyo Okelo alimtafuta nahodha, akakaa naye juu ya mitungi ya mafuta, akaongea habari za timu za mpira, na mwisho akamwachia neno moja la kupeleka ng'ambo. Kule Uriri, kwetu nilikozaliwa, alipita jioni kabla ya siku ya soko, watu wakiwa mashambani. Aliongea polepole na kurudia, kwa sababu upepo hula nusu ya maneno. Alisema lengo lake si mwanamume atakayekuja na gunia, ni mazungumzo ya usiku ule mezani kwao.

Asumbi, shule zikifunguliwa, alikataa kufungua spika karibu na geti la shule ya wasichana. Wazazi wale walikuwa wameshika mabinti waliokuwa wakijikaza wasilie, na aliona ni aibu kuwapigia kelele. Tulichofanya ni kupanga ndani ya ndoo moja kila kitu ambacho msichana wa bweni huhitaji, tukaiweka steji bila kusema lolote. Mzazi alishuka, akaitazama, akainunua ndoo nzima, akapata muda wa kukaa na mtoto wake badala ya kuzunguka sokoni. Hilo lilikuwa wazo langu, na nalitaja kwa sababu ni mara chache Okelo alinivulia kofia.

Migori tulimwachia Bwana Hafidh mwenyewe. Wafanyabiashara wa jumla wa kule, wengine wakitoka upande wa mpaka, hawakupenda kuitwa kwa spika wala karatasi. Walipenda kukaa. Aliwaandalia chai na mahamri, wakazungumza Kiswahili chao kizuri kilichonifanya mimi nijione nazungumza kwa jembe, na habari ya bidhaa ikatajwa wakati wageni wameshasimama kuaga.

Sasa nifike kwenye jambo lililomtofautisha Okelo na watangazaji wengine wote niliowahi kuwajua. Tulikuwa Uriri, yuko katikati ya neno, sukari sijui nini, gari likakunja kona na mbele yetu pakaonekana hema limesimama kwenye boma la watu. Aliikata sauti kabla neno halijaisha. Akaegesha, akavua kofia, akaniambia nishuke. Tulikaa kwenye benchi na waombolezaji, tukasalimu, tukasema pole, tukanyamaza kidogo pamoja nao, tukaondoka. Hakutaja duka. Alipoondoa gari aliendesha taratibu, spika zimezimwa, mpaka tukavuka boma la pili.

Mimi na kozi yangu ya biashara hatukuvumilia. Nilimkumbusha kwamba nyumba yenye msiba hununua sukari, mchele na mkate kuliko majirani wote pamoja. Kama kuna mteja wa kuitwa wiki ile, nikamwambia, ndiye huyo.

"Nyar Uriri," alinijibu, kwani ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Uriri, "mtu ako na matanga haitwi. Atakuja mwenyewe. Na akikuja anakumbuka nani alipita akinyamaza."

Ilikuwa kweli. Kamati za mazishi zilikuja kwetu, hata kutoka mahali palipokuwa na maduka ya karibu zaidi. Bwana Hafidh alilalamika mwanzoni kwamba pikapu yake imegeuka ya kupeleka rambirambi, kisha akaacha kulalamika. Mnajua wenyewe kwetu huku mazishi ni Ijumaa na Jumamosi. Kuna wikendi tulizunguka siku nzima na kufungua spika mara chache tu, na Okelo alirudi amechoka kwa kunyamaza.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa kando ya barabara, kabla hujafika Asumbi ukitoka Homa Bay. Kila tulipoikaribia, alipandisha sauti na kutangaza kwa spika zote mbili: "Jowa, amosou," akiwasalimu watu wa kwao, "Min Achieng, weka chai. Nakuja." Min Achieng ni mkewe, mama wa binti yao mkubwa. Kisha alikunja kuingia getini, tukakuta chai mezani. Barabara nzima ilijua. Waliokuwa wakilima waliinua majembe na kujibu kwamba chai iko. Min Achieng aliniambia sokoni kwamba mume wake anamtangaza kama sabuni na siku moja atahama. Lakini sikumbuki hata mara moja ambayo tulikuta chai haijawa tayari, na alikuwa na kikombe cha Okelo kilichokaa peke yake kwenye kabati.

Miaka ilikwenda hivyo, na ningependa kusema niliifurahia nikijua naifurahia. Sikujua. Nilikuwa nikiona hizo ni safari za vumbi zinazonichelewesha kufika ofisini.

Bwana Hafidh alizeeka, akarudi Malindi kwa watoto wake, nao wakamwajiri meneja kutoka Nairobi, Brian, ambaye nyote mnamjua. Nataka niwe mwadilifu kwake. Hakuwa na dharau. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza, akaomba nimtembeze matawi yote, akala omena na kusema ni tamu, ingawa uso ulisema vingine. Alileta mfumo wa ujumbe wa simu uliokuwa na uwezo wa kuona nani hununua kila siku, nani mwisho wa mwezi, nani huagiza kwa simu apelekewe na bodaboda. Niliuona na nikafikiri Bwana Hafidh angeupenda. Ulikuwa unaangalia mikono.

Mwanzoni uliangalia vibaya. Laini nyingi za simu vijijini zilisajiliwa kwa jina la baba wa nyumba, kwa hiyo ofa ya mafuta ya kupikia ilimkuta mzee mmoja wa Uriri akiwa shambani, akaja mpaka dukani kuuliza kama tunataka apike. Bibi mmoja wa Mbita alipokea ujumbe uliomwamkia "Habari Priska", akaleta simu tumtafutie huyo Priska ni nani, maana tangu abatizwe hajaitwa hivyo. Yeye ni mama wa fulani na binti wa mahali fulani. Tulirekebisha. Tuliuliza watu wanataka kuitwaje na simu hukaa na nani. Baada ya muda jumbe zile zilifanya kazi vizuri, na uongo wa kusema hazikufanya sitauandika hapa.

Shida ilikuwa pikapu. Wateja wengi wa mjini walikuwa wameanza kuagiza kwa simu, na magari ya kupeleka mizigo yakawa yanapita barabara zile zile alizopita Okelo. Brian aliona ni magari mawili kwa njia moja. Katika mkutano alipendekeza sauti ya Okelo irekodiwe, kila eneo kwa maneno yake, iwekwe kwenye flashi, na magari ya mizigo yaitoe yakipita. Okelo mwenyewe angepumzika, umri ulikuwa umesogea hata hivyo, na angeagwa vizuri.

Nilipinga. Nilisema Okelo anawajua watu. Brian aliniuliza, kwa upole kabisa, ni kitu gani Okelo anafanya ambacho rekodi haiwezi. Nilikuwa na watu wote wale wakinitazama, nikatafuta jibu, nikarudia kwamba anawajua watu. Akaandika, akanishukuru, akapita kwa mwingine. Nilikuwa kwenye ngazi nikishuka jibu liliponijia: anajua mahali pa kunyamaza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata nifike chini.

Nilirudi ofisini kwa Brian nikamwambia. Alinisikiliza, akasema ni jambo la maana, na kwamba madereva wataagizwa wazime wakiona hema. Ukweli ni kwamba kwenye karatasi lilikuwa jibu zuri.

Okelo alirekodi kule stoo, katikati ya magunia ya unga ili sauti isirudi. Nilishika maiki. Nilitegemea atakuwa na huzuni, lakini alikuja amevaa shati jeupe na kufanya kazi ile kama sherehe. Alipofika kwenye kipande cha barabara ya kwao, bila kufikiri akasema yale yale: Jowa, amosou, Min Achieng, weka chai, nakuja. Akacheka, akaomba tufute. Brian, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema iachwe, watu wanapenda vitu vya namna hiyo. Na kweli walipenda.

Tulipomaliza, Okelo alifungua leso kutoka kwenye maiki, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Na hii kitu," aliuliza, akionyesha flashi, "itajuaje matanga?"

Brian akamweleza habari ya madereva. Okelo akaitikia kwa kichwa na kumshukuru. Walipeana mikono. Nilimsindikiza mpaka steji, na njiani alizungumza juu ya kuku anaotaka kufuga, wala hakurudi tena kwenye swali lile.

Kwa muda mambo yalikuwa ya kuchekesha. Alinipigia simu kila gari lilipopita. "Leo nimepita hapa nikiwa na sauti nzuri sana," aliniambia mara moja. Siku nyingine alikuwa kwenye mahindi, akajisikia akijisalimia, akajiitikia. Nilipokutana na Min Achieng sokoni alisema mume wake sasa amezidi, anaitisha chai barabarani huku kikombe kimo mkononi nyumbani. Tulicheka mpaka muuza nyanya akatuuliza kuna nini.

Kisha simu zikapungua. Nilisikia anaumwa kifua. Nilipanga kwenda Jumapili moja, tukawa na uzinduzi wa tawi la pili la Migori, nikasogeza. Nikasogeza tena. Nilipofika, yule mtu mrefu alikuwa amebaki urefu peke yake. Alikuwa ameketi barazani na kofia yake kichwani, nikajua mambo si mazuri, kwa sababu Min Achieng alikuwa amemruhusu kuivaa nyumbani.

Hakunisema kwa kuchelewa, na afadhali angenisema. Aliuliza habari za duka. Nilimpa habari za kila tawi, hata nikaongeza chumvi. Kabla sijaondoka alinishika mkono. "Dereva ni mpya tena," alisema. "Ule wa juzi alipita kwa jirani Ogutu akitangaza na hema iko. Mwambie, nyar Uriri."

Nilimwambia dereva siku iliyofuata, ana kwa ana. Alielewa vizuri, alikuwa kijana mwenye adabu. Mwezi ule ule alipata kazi Narok, akaondoka, akaja mwingine kutoka Migori mjini. Kwa huyo nilisema na msimamizi wa magari, msimamizi akasema atamwambia. Hivyo ndivyo jambo hufa ofisini, bila mtu yeyote kukataa.

Okelo alifariki kabla ya mvua. Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake, kando ya barabara ile. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Walikuja wanawake wa omena kutoka Mbita, nahodha wa visiwani akiwa na shati la kuazima, wazee wa Uriri, na wanakwaya wake wa zamani, ambao safari hii sauti ya pili waliiimba sawasawa. Brian alikuwepo pia, amekaa nyuma. Nilikaa na wanawake karibu na Min Achieng. Alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja, akimtazama mhubiri. Alikuwa hajalia tangu asubuhi, na wanawake wazee wa ukoo walikuwa wakinong'onezana kwamba hilo si jema.

Mhubiri alikuwa akisoma. Nililisikia gari kabla sijajua nasikia nini, kwanza habari ya mchele kutoka mbali, maneno yakiliwa na upepo. Nahodha aligeuka. Watu walioketi upande wa barabara wakaanza kutazamana. Sauti ikakaribia, ikatulia kama ilivyokuwa ikitulia siku zote kabla ya kipande kile, na Okelo akasema, kwa spika mbili, juu ya jeneza lake:

"Jowa, amosou. Min Achieng, weka chai. Nakuja."

Hapakuwa na mtu aliyesogea, isipokuwa Min Achieng. Alikuwa ameshasimama. Hakusimama kama mtu aliyeshtuka. Alisimama kama alivyosimama miaka yote, akajifunga leso kiunoni, akaanza kwenda jikoni. Alipiga hatua kadhaa. Kisha akageuka kutazama geti, kwa sababu kwa kawaida sasa gari lilikuwa likikunja.

Halikukunja. Lilipita, na kwa mbali tukamsikia akiwatajia watu wa mbele sabuni. Min Achieng alibaki pale kati ya hema na jiko mpaka sauti ikaisha. Hapo ndipo alipolia, na sisi sote pamoja naye, na mimi nililia kwa namna ambayo watu walinishika wakidhani marehemu ni ndugu yangu.

Dereva tulimkuta jioni kwenye soko la mbele akishusha mizigo. Alikuwa ameliona hema. Alisema Jumamosi kuna mahema kila mahali, na hakuna mtu aliyemwambia kitu kuhusu mahema, wala sauti ile ni ya nani. Alipoambiwa, alikaa juu ya katoni na kushika kichwa. Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amefanya kila alichofundishwa.

Wiki iliyofuata mimi na Brian tulikwenda kwa Min Achieng na sukari, mchele na majani ya chai. Brian hakuwa amelala vizuri, ilionekana. Alikuwa ameing'oa flashi kwenye gari kwa mkono wake. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, bila kujitetea, akasema wamekosa na hajui namna ya kusema pole inayotosha. Min Achieng alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hana neno naye. Alitutengenezea chai. Kile kikombe cha Okelo nilikiona kwenye kabati, mahali pake.

Nilidhani angetaka kuwa na sauti ile. Mimi ningeitaka, hata leo naitaka, na ni jambo ninalolijutia kwamba sikuweka nakala. Brian naye lazima aliwaza vivyo hivyo, kwa sababu aliitoa flashi mfukoni na kuiweka mezani mbele ya mjane, akamwambia ni yake, aiweke, asikilize wakati wowote anapotaka.

Min Achieng aliitazama bila kuigusa. Akairudisha kwa Brian kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

"Chukua tu, mwanangu," alisema. "Wangu akiniita, alikuwa anashuka garini."